Anayetaka Kutengeneza Herufi Asome Vitabu Gani?

Ndugu msomaji, chukua kitabu chochote kilichomo nyumbani mwako, kiwe Msahafu, au kitabu cha fiqhi, au hata kitabu cha hesabu cha mwanao, kisha kitazame kidogo bila ya kukisoma. Utaona herufi zimejipanga safu kwa safu. Kila moja katika hizo ilichorwa na mtu. Kuna aliyekaa akapima urefu wa alifu, akazungusha tumbo la nuni, akaamua nukta iwe kubwa kiasi gani na ikae mbali kiasi gani na herufi yake. Jina la mtu huyo mara nyingi halimo kitabuni, wala hatumkumbuki tunaposoma. Lakini lau angalikosea yeye, sote tungalikosea pamoja naye.

Siku hizi vijana wetu wengi wa pwani wanajua kutumia kompyuta, na baadhi yao wana hamu ya kutengeneza herufi za chapa wenyewe, za Kiarabu na za Kirumi. Swali lao la kwanza huwa ni hili: tusome vitabu gani? Swali hilo ni jema, na lina historia ndefu. Basi katika makala haya nataka tutazame waliotutangulia walijifunza vipi, walipotea wapi, na waliongoka kwa sababu gani; kwani mwenye kuijua njia waliyopita wenziwe hujua pia kitabu gani cha kushika na kipi cha kuacha.

JAMBO HILI SI DOGO

Mtu asidhani kuwa umbo la herufi ni pambo tu. Kila aliyekaa chuoni anajua kuwa dali na dhali zina mwili mmoja, na kinachozitenga ni nukta moja. Ba, ta na tha nazo ni hivyo hivyo. Nukta ikididimia katika wino, au ikisogea upande, neno limekwisha geuka maana, na msomaji asiyejua atalisoma lilivyogeuka.

Katika Kiswahili chetu jambo hili tumelijua tangu zamani. Wazee walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawakuwa na herufi ya P katika abjadi waliyoipokea, basi wengi wao wakaiandikia ba. Kwa hivyo neno lile lile katika karatasi laweza kuwa "baba" na laweza kuwa "papa", na msomaji hana budi kuangalia maneno yaliyo kando yake ili ajue anaitwa mzazi au anatajwa samaki. Msomaji hodari hakutatizika, lakini mwanafunzi alitatizika sana. Hapa ndipo utakapoona kuwa mwenye kutengeneza herufi amebeba amana ya wale watakaosoma.

MIZANI YA IBN MUQLA

Katika karne ya tatu ya Hijria, mjini Baghdad, alizaliwa mtu aitwaye Abu Ali Muhammad bin Muqla. Alipanda cheo hata akawa waziri wa makhalifa mara tatu, na mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha: alipinduliwa kwa fitina za siasa, akakatwa mkono wa kulia, akafia kifungoni mwaka 940. Uwaziri wake leo ni habari ya wanahistoria peke yao. Lakini kazi yake katika herufi imo mikononi mwa kila mwenye kuandika Kiarabu.

Kabla yake waandishi wazuri walikuwako, lakini kila mmoja alifuata jicho lake na mkono wa mwalimu wake. Ibn Muqla akaweka kipimo. Kalamu ya utete ikikatwa ncha yake na kukandamizwa juu ya karatasi huacha nukta yenye pembe nne. Yeye akaifanya nukta hiyo kuwa ndiyo pishi ya kupimia. Alifu ikapimwa kwa idadi ya nukta. Kisha alifu ikafanywa kipenyo cha duara. Na herufi nyingine zikapimwa kwa alifu ile na kwa duara lile. Waandishi wakauita mwandiko huu kuwa ni mwandiko wenye nisba, yaani ambao kila kiungo chake kina uhusiano na kiungo kingine, kama viungo vya mwili wa mwanaadamu.

Sasa angalia ajabu. Hapana karatasi leo ambayo wataalamu wanaweza kusema kwa yakini kuwa hii ameiandika Ibn Muqla kwa mkono wake. Mifano yake imepotea, lakini mizani yake imebaki zaidi ya miaka elfu moja. Na funzo la kwanza kwa mtafutaji wa vitabu ni hili: kitabu kinachoonyesha herufi nzuri tupu hukupa samaki wa leo, kitabu kinachoeleza kipimo cha herufi hizo hukupa nyavu.

Baada yake akaja Ali bin Hilal, maarufu kwa jina la Ibn al-Bawwab, yaani mwana wa bawabu, kwani baba yake alikuwa mlinzi wa mlango. Alifariki mwaka 1022. Msahafu alioumaliza mwaka 391 wa Hijria uko mpaka leo katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin, na mwandiko wake unasomeka bila ya taabu. Ibn al-Bawwab alitunga pia shairi la kufundisha kazi hii, namna ya kuchagua utete, kuukata, na kutengeneza wino, na wanazuoni wa baada yake wakaliandikia sharhi. Kisha akaja Yaqut al-Musta'simi, aliyefariki mwaka 1298, naye akabadilisha namna ya kukata ncha ya kalamu, akaikata kwa mshazari zaidi, na kwa badiliko hilo dogo la kisu herufi zote zikapata wembamba na unene mpya.

Tusilipite jambo hilo upesi. Yaqut alibadilisha kwanza ala, na umbo likafuata ala. Ndiyo maana al-Qalqashandi wa Misri, aliyefariki mwaka 1418, alipoandika kitabu chake kikubwa cha Subh al-A'sha kwa ajili ya makatibu wa serikali, hakuanza kwa kuwapa herufi za kuiga. Aliwaeleza kalamu na aina zake, kisu, kidau na wino, kisha akazieleza herufi moja moja na vipimo vyake. Kitabu hicho kilichapwa Cairo katika majuzuu 14 baina ya miaka 1913 na 1919, na mpaka leo ni katika vitabu bora vya mtu kujua wazee walivyofikiri juu ya herufi.

HERUFI ZA RISASI

Ama kupiga chapa kwa herufi za kusubu huko Ulaya kulianza katika karne ya 15, na kazi yake ilikuwa hivi. Fundi huchukua kijiti cha pua, akakata kwa patasi na tupa umbo la herufi kichwani mwake, likiwa limegeuka kama katika kioo. Kijiti kile hupigwa nyundo juu ya kipande cha shaba, kikaacha shimo la umbo lile. Kipande cha shaba hutiwa katika kalibu, na risasi iliyoyeyushwa humiminwa ndani yake. Kwa kijiti kimoja cha pua fundi aweza kusubu maelfu ya herufi. Kwa hivyo kosa moja la mkataji nalo husubiwa mara elfu.

Kwa herufi za Kirumi, ambazo husimama mbali mbali, kazi hii ni ngumu lakini yawezekana. Kwa Kiarabu taabu ni kubwa zaidi, kwa kuwa herufi hushikana mikono: ya mwanzo wa neno ina umbo lake, ya kati umbo lake, ya mwisho umbo lake, na nyingine hupandana moja juu ya mwenziwe. Mkataji asiyeujua mwandiko wa kalamu hajui viungo hivi vinakutana wapi.

Ushahidi wa hayo ni Venice. Katika miaka ya 1537 na 1538, Paganino Paganini na mwanawe Alessandro walichapa Msahafu mzima kwa herufi za risasi, wakitaraji kupata biashara katika nchi za Waislamu. Biashara ile haikufaulu. Kwa karne nne watu walidhani kuwa nakala zote zimekwisha teketea, mpaka mwaka 1987 mtafiti wa Kitaliana, Angela Nuovo, alipoikuta nakala moja katika maktaba ya watawa huko huko Venice. Walioitazama walikuta herufi zisizo na uzuri na makosa mengi ya maandishi, hata dali na dhali hazikutengwa inavyopasa. Mali ilikuwako, mashine zilikuwako, na mafundi wa chuma walikuwako. Aliyekosekana ni mwenye kuijua herufi.

Baadaye katika karne ile ile, mjini Roma, mkataji hodari wa Kifaransa aitwaye Robert Granjon alikata herufi za Kiarabu kwa ajili ya kiwanda cha chapa cha ukoo wa Medici. Kwa herufi hizo ukatolewa mwaka 1593 ule Qanun wa Ibn Sina katika elimu ya tiba. Herufi za Granjon ni nzuri mno kuliko zile za Venice, kwa kuwa zilifuata mwandiko wa kalamu kwa uangalifu. Na mwaka 1787, mjini St Petersburg, Malkia Catherine alipoamuru Msahafu uchapwe kwa ajili ya raia zake Waislamu, kazi ile iliangaliwa na Mulla Uthman Ismail. Chapa ile ilikubalika, na baadaye kazi ikahamia Kazan, ikaendelea huko.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe baina ya miji hii mitatu, na utaona tofauti imetoka wapi.

ISTANBUL NA BULAQ

Katika nchi za Waislamu wenyewe, Ibrahim Müteferrika alipata ruhusa ya Sultani wa Istanbul mwaka 1727, na kitabu chake cha kwanza, nacho ni kamusi, kikatoka mwaka 1729. Ruhusa ile ilihusu vitabu vya lugha, historia, jiografia na mfano wa hivyo. Vitabu vya dini havikuingizwa. Wako wanaolicheka jambo hili leo na kusema kuwa wazee waliogopa maendeleo. Lakini mwenye kuukumbuka Msahafu wa Venice atawafahamu wazee wale kidogo. Herufi za risasi zilikuwa bado hazijaaminika kubeba maneno matukufu, na wanakili walikuwako wengi wenye ijaza.

Misri, Muhammad Ali Pasha alimtuma Niqula al-Masabki kwenda Milan mwaka 1815 kujifunza kazi ya chapa, na mwaka 1820 kikaanzishwa kiwanda cha Bulaq, karibu na Cairo. Herufi zake za mwanzo zilitoka Italia, na hazikupendeza. Basi zikabadilishwa mara baada ya mara, hata mwanzoni mwa karne ya 20 ikaamuliwa zitengenezwe upya kabisa. Maumbo yake yaliandikwa kwa kalamu na khattati Muhammad Jaafar Bey, na mafundi wakayafuata katika chuma. Hizo ndizo herufi za Bulaq za mwaka 1905. Kwa herufi hizo ulipangwa ule Msahafu wa Cairo wa mwaka 1924, uliosahihishwa na jopo la wanazuoni na kuenea duniani kote.

Tangu Venice mpaka Cairo ni karibu miaka 400. Huo ndio muda uliohitajika mpaka mkono wa mwandishi na mkono wa fundi chuma ukutane juu ya meza moja.

PWANI YETU

Sisi wa pwani hatukuwa nje ya habari hizi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na wanakili waliojulikana kwa Misahafu yao, iliyoandikwa kwa wino mweusi na kupambwa kwa rangi, yenye mwandiko wake wenyewe usiofanana sawasawa na wa Misri wala wa Istanbul. Lamu alikuwako Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, mtunzi na mchongaji na mnakili mmoja, na nakala zake za tenzi ziko hata sasa katika maktaba za London na Ujerumani. Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 mpaka 1888, alileta kiwanda cha chapa cha Kiarabu, na humo vikachapwa vitabu vikubwa vya madhehebu ya Ibadhi, kikiwemo Qamus al-Sharia chenye majuzuu mengi. Na vitabu vingi vya chuoni tulivyovijua vilitoka Bombay, vimechapwa kwa jiwe. Katika chapa ya jiwe mwandishi huandika kwa mkono wake, na mwandiko ule ule ndio utokao katika karatasi. Ndiyo sababu watu wetu waliipenda.

Lile suala la "baba" na "papa" nalo halikuachwa. Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alilishughulikia alipokuwa akikusanya na kunakili mashairi pamoja na Mwingereza William Taylor. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, mwenye gazeti la Al-Islah lililotoka Mombasa mwaka 1932 kwa Kiarabu na Kiswahili, naye alijishughulisha na namna ya kuandika Kiswahili sawasawa kwa herufi hizi. Na mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, pamoja na P.J.L. Frankl, walichapisha uchunguzi wa historia ya maandishi hayo, na humo wakatoa mapendekezo ya kuyatengeneza. Fikira ya jumla ni nyepesi: P iwe ni ba yenye nukta tatu, CH iwe ni jimu yenye nukta tatu, kama wafanyavyo Waajemi, na hivyo hivyo kwa V na G. Mwenye kutaka kutengeneza herufi za Kiarabu kwa ajili ya Kiswahili, uchunguzi huo hana budi nao.

MASHINE NA KOMPYUTA

Katika miaka ya 1950, mashine za kupanga magazeti zilikuwa na nafasi chache za herufi. Kamel Mrowa, mwenye gazeti la Al-Hayat la Beirut, alishirikiana na kampuni ya Linotype kutengeneza Kiarabu kilichorahisishwa: herufi ya mwanzo na ya kati zikapewa umbo moja, na ya mwisho na iliyo peke yake zikapewa umbo moja. Gazeti likapangwa upesi, na watu wengi wakapata habari. Faida hiyo haikanushwi. Lakini msomaji aliyezoea kalamu aliona kuwa herufi zimekazwa kama mtu aliyevaa kanzu ya mdogo wake.

Kompyuta ikaja ikaondoa dhiki hiyo. Fonti ya leo huweza kubeba maumbo mengi kama mchoraji atakavyo, pamoja na kanuni za kuambia kila herufi ishikane vipi na jirani yake. Mwaka 2011 Mmisri Khaled Hosny alitoa fonti iitwayo Amiri, aliyoitengeneza kwa kufufua zile herufi za Bulaq za mwaka 1905, na akaitoa bure kwa kila mtu. Angalia mnyororo ulivyoungana: kalamu ya khattati, kisha pua ya fundi, kisha kompyuta. Khaled Hosny aliweza kufufua kwa sababu kulikuwako kitu chenye mizani cha kufufuliwa.

Lakini uwezo mkubwa wa ala haumpi mtu elimu. Kijana aweza leo kukaa usiku mmoja, akavuta mistari hapa na pale, na kesho akawa na fonti yenye jina. Akiwa hakuijua kalamu, atafanya kwa kompyuta yale yale waliyoyafanya Venice kwa risasi, ila yeye atayafanya kwa haraka zaidi na yataenea mbali zaidi.

VITABU VYENYEWE

Sasa tulijibu swali. Vitabu vinavyofaa nimevigawa mafungu manne, na mwanafunzi avifuate kwa taratibu hii.

Fungu la kwanza ni vitabu vya mkono. Kwa Kiarabu, ashike Qawaid al-Khatt al-Arabi cha Hashim Muhammad al-Baghdadi, kilichotoka mwaka 1961. Ndani yake herufi zimewekewa nukta za kupimia, kwa njia ile iliyotoka kwa Ibn Muqla, na kitabu hiki kimefundisha watu wengi mno katika nchi za Kiarabu. Kwa herufi za Kirumi, atafute kitabu cha Edward Johnston kilichotoka London mwaka 1906, kiitwacho Writing & Illuminating, & Lettering. Johnston aliirudisha kalamu ya ncha pana iliyokuwa imesahauliwa Uingereza, akaonyesha kuwa wembamba na unene wa herufi za Kirumi umetoka katika kalamu hiyo. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyechora, mwaka 1916, herufi za reli ya chini ya ardhi ya London. Tazama basi: mtu wa Baghdad na mtu wa London hawakujuana, na wote wawili wanamwambia mwanafunzi akate kalamu kwanza.

Fungu la pili ni vitabu vya fundi. Joseph Moxon, Mwingereza, alitoa katika miaka ya 1683 na 1684 kitabu chake cha Mechanick Exercises, na humo akaeleza kazi yote ya kukata pua, kusubu na kuchapa. Pierre-Simon Fournier wa Paris akaandika Manuel Typographique, majuzuu mawili, mwaka 1764 na 1766. Vitabu hivi haki zake zimekwisha zamani, na nakala zake zinasomeka bure katika mtandao. Karibu na zama zetu yuko Fred Smeijers wa Uholanzi, aliyejaribu kwa mikono yake kazi ya wazee hao na kuieleza katika Counterpunch, mwaka 1996. Yeye hufundisha jambo ambalo wengi hulighafilika: weupe ulio ndani ya herufi na baina yao una kazi sawa na weusi wake. Anayechora wino tu na asiutazame uwazi amechora nusu ya herufi.

Fungu la tatu ni vitabu vya kufuata herufi moja moja. Designing Type cha Karen Cheng, cha mwaka 2006, huzichukua herufi za Kirumi moja baada ya moja na kueleza kila moja ina shida gani na wachoraji mbali mbali waliitatua vipi. Pamoja nacho kisomwe Letters of Credit cha Walter Tracy, cha mwaka 1986. Tracy alikuwa mkuu wa herufi katika Linotype ya Uingereza, na aliwahi kuchora herufi za Kiarabu za magazeti pia, basi husema kwa uzoefu wa kazi.

Fungu la nne ni vitabu vya chapa ya Kiarabu hasa. Huda Smitshuijzen AbiFarès alitoa mwaka 2001 Arabic Typography, kinachounganisha historia ya mwandiko na kazi ya chapa. Na Titus Nemeth alitoa mwaka 2017 historia ya utengenezaji wa herufi za Kiarabu katika zama za mashine, ambamo utaona kwa marefu ile habari ya Mrowa na Linotype.

Ikiwa kitabu kingine kitakuangukia mkononi, kipime kwa maswali matatu. Je, kinaeleza sababu ya umbo, au kinaonyesha umbo tu? Je, mwenye kukiandika amefanya kazi hiyo kwa mikono yake? Na je, kinakuamuru uandike na kuchora, au kinakuacha ukisoma tu kama hadithi? Kitabu kitakachojibu vizuri mawili katika haya matatu, kinunue. Kitakachokosa yote, kiache dukani hata kikiwa na picha za kupendeza. Na kwa kuwa vitabu hivi vingi ni ghali, vijana watatu au wanne wakichangiana kitabu kimoja na kukisoma pamoja watafaidika zaidi kuliko yule mwenye vitabu vyote peke yake kabatini.

MAMBO MATATU YA KUMALIZIA

La kwanza: kitabu ni msaidizi wa mwalimu. Wazee wa khati hawakumwita mtu khattati mpaka mwalimu wake ampe ijaza, na Hashim al-Baghdadi mwenyewe, pamoja na umahiri wake, alipata ijaza kwa mabingwa. Uthman Taha wa Syria, ambaye Misahafu ya Madina iliandikwa kwa mkono wake, naye alipata ijaza kwa Hamid Aytaç wa Istanbul mwaka 1973. Ikiwa hao hawakujitosheleza kwa vitabu, mwanafunzi wa leo ajitoshelezeje? Amtafute mwenye jicho la kumkosoa, na akikosolewa asinune.

La pili: ajaribu herufi zake kwa lugha yetu. Wachoraji wengi hujaribu kazi zao kwa maneno ya Kiingereza, na Kiingereza hakina "mwananchi" wala "kung'ang'ania". Herufi zikikaa vizuri katika maneno ya wageni si lazima zikae vizuri katika "mw", "ngw" na ile alama ya "ng'", ambayo fonti nyingi huiachia pengo kama jino lililong'oka. Kazi hii hatufanyiwi na mtu. Ni yetu wenyewe.

La tatu, nalo ndilo kubwa: amana. Herufi ya mtu ni jasho lake. Kuichukua fonti ya mwenzio, ukaibadilisha nundu mbili tatu na kuipa jina lako, ni wizi kama wizi mwingine, hata ikiwa hapana kofuli iliyovunjwa. Aliyetoa kazi yake bure, kama ile Amiri, mshukuru na ufuate masharti yake. Asiyetoa bure, mlipe au uiache. Na amana ya pili imo nyumbani mwetu. Mna masanduku katika nyumba za Lamu, Pate, Mombasa, Tanga, Unguja na Pemba yenye karatasi za mababu: tenzi, mawaidha, barua, juzuu za Msahafu. Mchwa na unyevu vinazila kila msimu wa mvua. Karatasi hizo ndizo kitabu ambacho hakuna duka la London wala Cairo litakalokuuzia, kwa kuwa mwandiko wa pwani haujachorewa herufi za chapa zinazoustahiki. Kijana anayetaka kitabu cha kujifunzia na aanze kwa kuomba ruhusa ya wazee wake, azifungue karatasi hizo kwa mikono safi, azipige picha zote kabla hazijaharibika, azirudishe mahali pakavu, kisha akae na kuzipima nukta kwa nukta: alifu ya Siyu ina nukta ngapi, nuni yake imezunguka vipi, waandishi wake waliziweka wapi nukta za ba.

Aya za mwanzo kuteremshwa zilitaja kusoma na zikataja kalamu, na mna sura nzima yenye jina la kalamu. Kwa watu walioanza hivyo, kutengeneza herufi iliyo sawa ni khidma, na kujifunza namna yake ni katika elimu yenye manufaa. Mwenyezi Mungu awape vijana wetu subira ya kuikata kalamu kabla ya kuifungua kompyuta, na awarehemu wote waliotuandikia tukaweza kusoma. Amin.